Kinywa na Kalibu: Maisha na Sanaa ya Benvenuto Cellini

Mhakiki wa tawasifu huianza kazi yake kwa shaka. Anayesimulia maisha yake mwenyewe huwa mshtakiwa, shahidi, wakili na hakimu kwa wakati mmoja, na ni nadra hakimu wa aina hiyo kujitia hatiani. Shaka hii haina budi kuongezeka tunapomfikia Benvenuto Cellini, sonara na msubu wa sanamu aliyeishi Italia na Ufaransa kati ya mwaka wa 1500 na 1571. Mengi tunayoyajua juu yake yalitoka kinywani mwake, naye alikuwa bingwa wa majigambo. Aliua watu, akasimulia bila soni jinsi alivyowaua. Alijisifu kwamba hakuna fundi aliyemkaribia. Hata hivyo, aliacha pia vitu vinavyoshikika: chombo cha dhahabu, sanamu chache za shaba nyeusi, msalaba wa marumaru. Vitu hivi havijui kusema uongo, na katika makala haya nitavitumia kama mashahidi upande wa pili.

Cellini alizaliwa Florence mwezi wa Novemba 1500. Wazazi wake, Giovanni na Elisabetta, walikuwa wakimtarajia mtoto wa kike; alipozaliwa mvulana wakampa jina ambalo kwa Kiitaliano ni neno la kumkaribisha mgeni. Giovanni alikuwa mwanamuziki na mtengenezaji wa ala, na shauku yake kuu ilikuwa mwanawe awe mpiga filimbi. Mwana aliichukia filimbi. Mvutano huu kati ya baba na mwana unachukua nafasi kubwa katika kurasa za mwanzo za tawasifu yake, na kwa maoni yangu ndizo kurasa zenye upole kuliko zote, kwa kuwa msimulizi anamwonea huruma mzee wake hata pale anapomkaidi. Alipofika umri wa miaka 15 aliingia uanagenzi katika karakana ya sonara.

Msomaji asiudharau usonara. Katika Florence ya Zama za Mwamko, karakana ya sonara ilikuwa chuo cha wachongaji. Lorenzo Ghiberti, aliyetengeneza milango mashuhuri ya shaba nyeusi ya nyumba ya ubatizo mjini humo, alilelewa katika kazi hiyo. Andrea del Verrocchio, mwalimu wa Leonardo da Vinci, vilevile. Humo kijana alijifunza kuchora, kufinyanga nta, kutengeneza kalibu, kuusoma moto kwa rangi yake, na kusafisha kwa patasi kile kilichotoka katika moto. Anayejua kusubu pete amekwisha kuonja kanuni za kusubu jitu la mita tatu, ingawa, kama Cellini alivyokuja kugundua, kati ya pete na jitu kuna bonde refu.

Ukali wake ulijitokeza mapema. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi alipofukuzwa Florence kwa miezi sita kwa sababu ya ugomvi wa barabarani. Mnamo 1523 alihukumiwa kulipa faini kwa kosa la ulawiti, na mwaka huohuo, baada ya kuwashambulia watu wa familia ya masonara waliokuwa mahasimu wake, ilimbidi atoroke akiwa amevaa kanzu ya mtawa. Alikimbilia Roma. Huko alipata kazi kwa maaskofu na makadinali, kisha kwa Papa Klementi wa Saba mwenyewe.

Mnamo Mei 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliuvamia mji wa Roma na kuupora. Papa alijifungia katika ngome ya Sant'Angelo, na Cellini alikuwa ndani pamoja naye, akihudumia mizinga. Kwa mujibu wa simulizi yake, kundi alilokuwamo ndilo lililompiga risasi jemadari wa wavamizi, Bourbon, siku ya kwanza ya vita. Kwamba Bourbon alikufa siku hiyo ni jambo la kihistoria; kwamba bunduki ya Cellini na wenzake ndiyo iliyomwua ni jambo ambalo Cellini ndiye aliyetuambia. Liko tukio jingine la ngomeni ambalo naliona lina uzito zaidi. Papa alimwagiza ang'oe vito katika mataji ya upapa na kuiyeyusha dhahabu yake, ili mali hiyo isiangukie mikononi mwa adui. Fundi akajenga tanuri dogo juu ya ngome, akayayeyusha mataji ambayo mafundi waliomtangulia walitumia miaka kuyapamba. Tangu siku hiyo alijua kwamba kazi ya dhahabu haina maisha marefu: mwenye njaa au mwenye vita ataiyeyusha. Kazi zake nyingi zilipatwa na mkasa huohuo. Kifungo kikubwa cha joho alichomtengenezea Papa Klementi, ambacho wenzake walikistaajabia, hakipo tena. Tunakijua kwa michoro tu.

Mwaka wa 1529 ndugu yake Cecchino, askari, aliuawa katika mapambano na walinzi wa mji. Cellini alimvizia mtu aliyempiga risasi nduguye, akamchoma jambia hadi akafa. Papa alimkaripia kidogo, akamrudisha kazini. Mnamo 1534, siku chache baada ya Klementi kufa, alimwua sonara mwenzake Pompeo kwa jambia katika barabara ya Roma. Alidai baadaye kwamba alikusudia kumjeruhi uso tu, na kwamba Pompeo ndiye aliyegeuza kichwa. Papa mpya, Paulo wa Tatu, alimpa hati ya usalama, na Cellini anamnukulia kauli kwamba watu wasio na kifani katika ufundi wao hawafungwi na sheria kama watu wengine.

Hapa sharti tusimame. Kauli hiyo imerudiwa na wengi kana kwamba ni msimamo wa Zama za Mwamko kuhusu msanii: kwamba kipaji ni kinga. Lakini ni nani aliyeisikia? Shahidi ni yuleyule aliyenufaika nayo. Aidha, hata kama ilitamkwa, haimrudishii Pompeo uhai. Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunaufahamu vizuri utanzu wa majigambo: mtunzi hujitungia sifa, hutaja ushujaa wake, huwataja maadui ili wawe ngazi ya kumpandisha, na hadhira huijua kanuni hiyo, haimdai ushahidi wa kila tendo. Kosa la wasomaji wengi wa Cellini ni kuichukua kazi yake ama kama kumbukumbu za mahakama, ama kama hekaya tupu. Tunayo tajiriba ya karibu. Tippu Tip alipoyaandika maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, naye alisimulia vita na mauaji kwa sauti tulivu ya mfanyabiashara anayehesabu mali. Hatuyatupi maandishi hayo. Lakini pia hatuyaachi yaseme peke yake.

Mnamo 1538 upepo uligeuka. Cellini alifungwa katika ngome ileile ya Sant'Angelo aliyoitetea, akishtakiwa kwamba aliiba vito vya Papa wakati wa uvamizi. Alitoroka kwa kushuka ukutani kwa kamba za shuka zilizochanwa, akaanguka na kuvunjika mguu, akakamatwa tena. Aliachiliwa mwishoni mwa 1539 kwa jitihada za Kadinali Ippolito d'Este, na mwaka uliofuata akaingia katika utumishi wa Mfalme Fransisi wa Kwanza wa Ufaransa.

Miaka mitano ya Ufaransa ilizaa chombo cha chumvi ambacho sasa kiko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Kunsthistorisches, Vienna. Kimo chake ni sentimita 26 hivi. Mungu wa bahari na mwanamke anayewakilisha ardhi wameketi wakielekeana, miguu yao ikipishana kama ghuba na rasi zinavyopishana pwani. Chumvi iliwekwa katika jahazi dogo kando ya bahari, pilipili katika hekalu dogo kando ya ardhi. Yote ni dhahabu iliyopambwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa, juu ya kitako cha mpingo. Ni kazi pekee ya dhahabu iliyosalia ambayo wataalamu wanakubaliana bila mzozo kwamba ni yake. Iliibwa mwaka wa 2003 na kupatikana Januari 2006, ikiwa imezikwa ndani ya sanduku msituni nchini Austria. Kwa bahati mwizi hakuiyeyusha.

Ufaransa pia ndiko alikoanza kusubu shaba nyeusi kwa kiwango kikubwa, kwa ajili ya mlango wa kasri la Fontainebleau. Na ndiko alikomtesa Caterina, msichana aliyemtumia kama kielelezo katika kuchora na kufinyanga. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyompiga na kisha kumwamrisha akae kwa saa nyingi katika mikao ya maumivu ili amchore. Anaisimulia habari hiyo kama kichekesho. Sioni njia ya kuisoma kama kichekesho, wala sidhani kwamba kanuni za utanzu wa majigambo zinamwokoa hapa.

Alirejea Florence mwaka wa 1545. Mji ulikuwa chini ya Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, aliyeshika madaraka mwaka wa 1537 akiwa kijana wa miaka 17. Cosimo alitaka sanamu ya Perseus, yule shujaa wa visasili vya Wayunani aliyekata kichwa cha Medusa, mwanamke mwenye nywele za nyoka ambaye kila aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Mahali pa kuisimamisha palikuwa ukumbi ulio wazi wa Loggia dei Lanzi, katika uwanja mkuu wa mji. Hapakuwa mahali pa kawaida. Palikuwa na Judith wa Donatello, sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamke anayemkata dhalimu kichwa, ambayo wananchi waliiweka hadharani baada ya kuwafukuza akina Medici. Palikuwa na Daudi wa Michelangelo, fahari ya jamhuri. Palikuwa na Hercules wa Baccio Bandinelli, adui mkubwa wa Cellini. Sasa mtawala alitaka mwanamume anayemkata mwanamke kichwa, akikiinua mbele ya umma. Ujumbe wa kisiasa haukuhitaji mfasiri. Wahakiki wameona pia mzaha wa ndani zaidi: Daudi na Hercules ni za marumaru, na Medusa anapoinuliwa mbele yao huonekana kana kwamba ndiye aliyewageuza mawe.

Ili kuielewa kazi hiyo ni lazima kuijua njia yake. Msubu hujenga kiini cha udongo, hukipaka nta na kuifinyanga ile nta hadi iwe sura kamili anayoitaka, kisha huifunika nta kwa udongo mwingine ulio kalibu. Huacha mifereji ya kuingizia madini na matundu ya kutolea hewa. Kalibu ikichomwa, nta huyeyuka na kutoka, ikiacha uwazi wenye umbo la sanamu. Katika uwazi huo humiminwa shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Shaba tupu huhitaji nyuzi 1,085 za Selsiasi ili iyeyuke. Bati huishusha nyuzi hizo na kuufanya uji wa madini uteleze vizuri hadi kwenye pembe za mbali. Nta ikishatoka hakuna nafasi ya pili. Kazi ya miaka inategemea mmimino wa muda mfupi.

Mwili wa Medusa ulisubiwa kwanza, mwaka wa 1548. Kwa Perseus, Cellini alikusudia kusubu kwa mkupuo mmoja mwili wa shujaa pamoja na kile kichwa alichokiinua. Cosimo alitia shaka. Aliona kwamba kichwa cha Medusa, kwa jinsi kilivyo juu na mbali, hakitatoka sawasawa. Cellini alimjibu kwamba asili ya moto ni kupanda, kwa hiyo kichwa kitatoka bila dosari. Hatari iko kwenye mguu wa kulia, ulio chini kabisa mbali na mahali pa kumiminia, ambako madini yatafika yakiwa yamepoa. Akatabiri kwamba mguu huo hautatoka, na kwamba itambidi aukarabati.

Siku ya kusubu, mnamo 1549, kila kitu kilikwenda mrama. Moto wa kuni za msonobari ulikuwa mkali mno hata paa la karakana likashika moto. Upande wa bustani mvua na upepo vilikuwa vikiingia na kulipoza tanuri. Cellini alishikwa na homa, akaenda kulala akiamini kwamba hataiona kesho. Baadaye mtu aliingia chumbani kumwambia kazi imeharibika. Aliruka kitandani akiwatwanga ngumi na mateke waliokuwa njiani, akakuta madini yameganda tanurini kama ugali uliolala. Aliagiza kuni kavu za mwaloni kutoka kwa jirani, kwa kuwa moto wa mwaloni ni mkali kuliko wa msonobari, akatupa ndani bonge la bati. Madini yakaanza kulegea. Mara ukatokea mlipuko, kifuniko cha tanuri kikapasuka, shaba ikaanza kufurika. Alipofungua mifereji aliona madini yanakwenda kwa uzito, akatambua kwamba ukali wa moto umeila bati yake. Hapo akaagiza vyombo vyote vya bati vya nyumbani, sahani na mabakuli yapatayo 200, akavitupa kimoja kimoja. Kalibu ikajaa. Akapiga magoti kumshukuru Mungu, akala, akanywa, akalala. Na homa, anasema, ikamtoka.

Ni simulizi tamu mno, na utamu wake ndio unaotutia wasiwasi. Homa, tufani, moto paani, mjumbe wa habari mbaya, shujaa anayefufuka: hizi ni nyenzo za kila ngano. Lakini tazama alivyoimalizia. Baada ya siku mbili za kupoa alianza kuifukua sanamu kutoka juu. Kichwa cha Medusa kilikuwa kamili. Akashuka polepole hadi mguu wa kulia, akaukuta kisigino kimetoka, na mguu karibu wote umetoka. Alifurahi, huku akikereka kwa kuwa alimwambia mtawala kwamba hautatoka. Alipomaliza kuufukua akakuta vidole na sehemu ndogo juu yake vimekosekana. Hapo akaridhika: kazi ya ziada ilikuwa ndogo, na utabiri wake ulikuwa umesimama.

Nionavyo mimi, huu ndio ukurasa wa kuaminika kuliko yote katika tawasifu nzima. Mwenye kujigamba angeweza kuutoa mguu ukiwa kamili na kuuita muujiza, au kuuharibu wote ili aonekane nabii. Cellini anatupa vidole. Anakereka kwa kufaulu kupita alivyobashiri, jambo ambalo fundi tu ndiye angelikereka nalo. Na sababu anayoitoa inakubaliana na tabia ya madini yenyewe: uji uliofika mwisho ndio uliopoa kwanza. Tunapomsoma juu ya Bourbon au juu ya kauli ya Papa, tunasikia mtu anayejitafutia nafasi katika historia. Tunapomsoma juu ya mguu, tunamsikia mtu anayejua anachokisema.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 27 Aprili 1554. Watu wa Florence walibandika mashairi ya kuisifu. Jina la msanii limechorwa katika mkanda unaopita kifuani mwa shujaa, mahali ambapo hakuna anayeweza kulikosa. Uso wa Perseus umeinama, macho yamemtazama mfu aliye chini ya nyayo zake. Hana furaha ya mshindi. Damu ya Medusa inabubujika shingoni kwa vishada vizito vya shaba, vyenye urembo unaotisha kwa anayeikumbuka habari ya Pompeo. Cellini alidai skudi 10,000. Alikadiriwa 3,500, na hata hizo zilimjia kwa kuchelewa.

Baada ya ushindi huo alianguka upesi. Mwaka wa 1556 alifungwa kwa kumpiga sonara mwingine. Mapema 1557 alihukumiwa kwa kosa la ulawiti lililomhusu Fernando, mwanagenzi wake. Kifungo cha miaka minne kiligeuzwa kuwa kizuizi cha nyumbani. Ni katika kipindi hicho, mnamo 1558, alipoanza kuyatunga maisha yake. Aliandika kidogo mwenyewe, kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akamwajiri mvulana awe mwandishi wake. Yeye akafanya kazi huku akisimulia, mvulana akaandika alichokisikia. Hii ndiyo sababu lugha yake ina pumzi ya mdomo, yenye kujikatiza na kurukia jambo. Alimpelekea msomi Benedetto Varchi ausahihishe mswada. Varchi akaurudisha akimshauri auache ulivyo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wana deni kwa Varchi.

Katika mamia ya kurasa hizo, hukumu ya 1557 haimo. Hayumo Fernando mlalamikiwaji. Mara moja tu, Bandinelli anamrushia Cellini tusi la ulawiti mbele ya Cosimo, naye analigeuza likawa mzaha unaomchekesha mtawala na wote waliohudhuria. Tungebaki na kicheko hicho kama daftari za mahakama zisingalihifadhiwa. Msimulizi aliyekubali kupoteza vidole vya sanamu yake hakukubali kupoteza hilo.

Katika miaka ya mwisho alichonga msalaba wa marumaru ambao sasa uko katika kasri la Escorial, Hispania. Alimwoa Piera, mwanamke aliyekuwa amemtunza. Akachapisha mwaka wa 1568 risala mbili, moja juu ya usonara na nyingine juu ya uchongaji, ambamo anafundisha kwa utulivu usiopatikana katika tawasifu. Alifariki tarehe 13 Februari 1571, akazikwa katika kanisa la Santissima Annunziata. Tawasifu ilichapishwa mara ya kwanza mjini Naples mwaka wa 1728. Goethe aliifasiri kwa Kijerumani, Berlioz akaitungia opera mwaka wa 1838. Mswada wenyewe umo katika maktaba ya Laurenziana, Florence. Hauna tamati. Unaishia na matukio ya 1562, karibu miaka tisa kabla ya kifo chake, katikati ya safari: Cellini anasema tu kwamba aliondoka kuelekea Pisa, na mwandiko unakoma hapo.